Dawa ya Nini? Mama Yetu wa Dirisha la Taka Hatarishi Anastaafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika kituo cha kupokea taka hatarishi za majumbani, mwenzetu tunayemwita Mama Ya-Nini anavua glavu zake na kwenda kupumzika. Wageni hudhani hilo ni jina la ukoo. Sivyo. Ni swali lake, na amelirudia hadi likamganda.

Alianza kwa kufagia ua. Siku hizo kituo kilikuwa banda la mabati, na watu walileta mabaki ya rangi, oili chafu na betri zilizovuja wakazitupa kwenye lundo moja kama maganda ya viazi. Yeye ndiye aliyeanza kuzitenganisha, kwanza kwa sababu harufu ilimkera, baadaye kwa sababu alipelekwa kozi akarudi na moto. Akahamishiwa dirishani, akapanda hadi msimamizi wa zamu, na cheo hicho alikivaa kwa mbwembwe zote. Unyenyekevu haumo katika sifa zake, tusimsingizie.

Kazi ya dirishani ni rahisi kuieleza. Mtu analeta kopo au chupa, unamuuliza ni nini, unakiweka mahali pake bila kumimina kimoja ndani ya kingine. Tabu huanzia kwenye jibu, maana karibu kila mtu hujibu kwamba ni dawa. Lugha yetu ina ukarimu wa ajabu katika neno hili: kuna dawa ya meno na dawa ya choo, dawa ya viatu na dawa ya homa, dawa ya panya, ya nywele, ya mbu, ya madoa. Ile ya choo ikikutana na ile ya madoa kwenye ndoo moja, hutoka hewa ya kukaba pumzi. Ndiyo maana Mama Ya-Nini hakumwachia mtu: dawa ya nini? Kwenye harusi ya karani wetu alikutwa jikoni amepiga magoti mbele ya kabati la chini ya sinki, gauni la sherehe na yote, akimhoji mama wa bibi harusi kuhusu kopo lisilo na karatasi. Mama wa watu alijibu maswali yote. Pilikapilika za harusi zikasubiri.

Lakini kuna siku moja ambayo lazima isimuliwe. Alikuja bibi wa mtaa wa jirani na mfuko wa vitu vya kutupa: kopo la rangi, betri za redio na chupa ndogo ya kahawia. Alipoulizwa, akajibu sawasawa kwamba ni dawa ya kunguni, ambayo mkwewe alimpimia kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Yeyote kati yetu angeipokea na kumwita anayefuata. Mama Ya-Nini aliiinua kwenye mwanga. Kwenye kizibo kulikuwa na sisimizi, wazima kabisa, wanalamba.

Sumu ya kunguni hailambwi na sisimizi wakabaki wazima. Ile ilikuwa dawa ya kikohozi yenyewe, tamu na nzito. Bibi alikuwa amebeba chupa siyo, na pacha wa chupa hiyo, yenye sumu, imebaki nyumbani kwenye rafu. Akaulizwa nani anakohoa kule nyumbani. Akasema ni mjukuu wake mdogo, na kwamba shangazi wa mtoto ameachiwa maagizo ya kumpa kijiko kimoja akishakula. Alipomaliza kulitamka hilo akaelewa, akashika ukuta.

Simu ya shangazi iliita bila kupokelewa. Dirisha likafungwa foleni ikiwapo. Mwandishi wa maneno haya ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa lori la kituo, bibi akielekeza njia, na mpaka leo hajui lilipitaje kwenye vichochoro vile. Tulimkuta shangazi amembana mtoto kati ya magoti, kijiko kimejaa, mtoto analia huku amekaza midomo. Mwenzetu huyu akiongea husikika barabara ya pili, kwa hiyo tulitegemea ukelele. Hakupiga. Alijua mtoto akishtuka atafungua mdomo. Alisogea taratibu, akakinga kiganja chenye glavu chini ya kijiko, akakitoa mkononi mwa shangazi bila kumwaga tone. Akamnawisha mtoto kwa sabuni, akaagiza apelekwe zahanati akaangaliwe, akaifunga ile chupa. Ndipo akakaa sakafuni. Tumefanya naye kazi miaka mingi, na bado tunausimulia mkono ule.

Hakumgombeza bibi wala shangazi. Alirudi kazini akaligombeza neno lenyewe. Tangu hapo dirisha letu lina swali la pili, ambalo alilipigania mpaka likawa utaratibu: na iliyobaki nyumbani kwenye chupa kama hii, ni ya nini? Watu hucheka. Kisha wengine huondoka mbio. Wanaobaki huambiwa kwamba sumu ikae kwenye chupa yake ya dukani, isimwagwe sinkini, isichomwe, iletwe hapa.

Wiki iliyopita shangazi alisikia habari za kustaafu, akaja na mtoto yule. Sasa ni kijana, sauti imeshakuwa nzito, na hakumbuki chochote. Alisalimia kwa adabu, akaegemea mlango, akachungulia simu. Ilikuwa dhahiri kwamba wenzake wanamsubiri uwanjani na kwamba mambo haya ya wakubwa yanamchosha. Mama Ya-Nini hakumuuliza swali hata moja. Alimtazama tu, kwa muda mrefu, jinsi anavyochoka, jinsi anavyotaka kwenda zake. Kisha akamwambia aende akacheze.

Asante, Mama, kwa niaba yake na ya wengine wengi wa mji huu ambao wana haraka zao na hawatakujua kamwe. Pumzika kwa afya na furaha, maisha yako ya mbele yawe mema, na jua kwamba sisi tuliobaki dirishani tutaendelea kuuliza.