Makaa Tuliyoyazika

Enyi wanangu mliokizunguka kitanda changu, na wewe mkwe wangu uliyesimama mlangoni, ketini. Wekeni simu pembeni, mnitegee masikio, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo nataka kuitumia kwa jambo moja.

Nyumba ni ya mama yenu. Kiwanda cha mbao na misumeno yake ni vyenu nyote watatu, msivigawe. Bali lile tanuri la uani, tunalochomea maranda na mabanzi kwa kuyabania hewa mpaka yawe makaa, najua yuko anayelipigia hesabu nyingine. Kifungua mimba wangu, usitazame dirishani, nakusema wewe. Juzi, ukidhani nimelala, ulisema: “Mzee anazika makaa mashambani kama maiti, na mwoka mikate anayalilia!” Wenzako wakacheka. Nami nilicheka, ndani ya shuka.

Sasa sikilizeni. Mti hujijenga kwa hewa ukaa unayoivuta kutoka angani. Maranda yake yakiungua yakawa majivu, au yakiachwa yaoze, hewa ile hurudi ilikotoka, lakini ikifungwa ndani ya makaa, na makaa yakalala udongoni, sehemu yake kubwa hukaa humo hata enzi za wajukuu wa wajukuu zenu. Kwa kazi hiyo kiwanda cha saruji kinatulipa, kwa sababu kimepunguza moshi wake kadiri kilivyoweza, na uliobaki hakijapata njia ya kuuzima. Ukimuuzia mwoka mikate makaa yaleyale, umeuza ahadi kisha ukaichoma. Ndiyo maana niliwazoesha vibarua kuyalowesha kwa maji ya samadi kabla hayajatoka uani: mahindi yanayafurahia, na hakuna mpishi atakayeyatamani.

Na akija tajiri anayetaka kununua kazi yetu ili aendelee kufuka moshi vilevile, mpeni chai, kisha mwonyesheni lango.

Niinulieni mto... hapo hapo. Mwanangu, nipe mkono. Tanuri nakuachia wewe, si mdogo wako, ingawa yeye analipenda. Maana yeye hatalizima, na wewe unaweza, ndiyo maana nakufunga kwa ahadi. Niahidi mbele ya hawa kwamba hakuna gunia litakalokwenda jikoni. Sema kwa sauti, masikio yamekuwa mazito.

Naam. “Sawa, Baba.” Nimesikia.

Mungu awape kazi isiyowaaibisha, vifua vyepesi, na watoto watakaowabishia kwa haki. Nizikeni mapema, msiwachoshe watu kwa hotuba.

Na msinisifu kwa wazo hili. Halikuwa langu, wala la wale wa saruji. Lundo la maranda lilikuwa likiwaka, akaja mtoto na sare zake za shule, akaniambia, “Baba, mti umeinywa hewa hii miaka yote, nawe unautapisha asubuhi moja!” Maji... kidogo tu... Basi. Mtoto yule, wa kwanza kuniambia... ni wewe, kifungua mimba wangu.