Mageni Hakuuchukua Mpunga Wangu

Coletha mwanangu, niinue kidogo uniwekee mto mgongoni, nawe Valerian toka hapo dirishani uje uketi nikuone uso, maana mtu anayemsikiliza mama yake huku macho yake yakiwa nje ana jambo lake huko nje. Watoto wangu ni nyinyi wawili tu. Nilitaka kuwaambia haya nikiwa bado ninatembea, lakini miguu imejaa maji na pumzi inaniishia, kwa hiyo msinikatize.

Najua mlikwenda kwa mganga kule Ushetu. Mliniambia mnakwenda Kahama kunitafutia dawa ya kifua, na dawa mlileta, sikatai, lakini niliporuhusiwa kutoka nje kuota jua nikauliza kuku wangu mweusi yuko wapi, na nyinyi badala ya kunijibu mkatazamana. Hata alichowaambia ninakijua, kwa sababu wote husema hicho hicho: ni mwanamke, ni mzee, ni wa karibu, ana macho mekundu. Mama yenu mkubwa Mageni ana macho mekundu kwa sababu amepika kwa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe miaka hamsini. Nitazameni na mimi. Yangu ni meupe?

Tangu mrudi huko mnampa shikamoo mkitazama chini, uji anaoniletea mnaumwaga nyuma ya nyumba mkidhani sioni, na juzi, Valerian, ulinoa panga asubuhi nzima wakati hakuna majani ya kukata. Mimi nimewahi kuwa mahali mlipo nyinyi sasa. Najua njia hiyo inakotoka na inakokwenda, kwa hiyo nisikilizeni.

Babu yenu aliacha shamba moja la mpunga kule mbugani kwa wanawe wawili, Maige mume wa Mageni, ambaye ndiye mkubwa, na baba yenu aliyemfuata, nao walililima pamoja mpaka mwaka wa sitini na nne, baba yenu alipofukiwa na udongo kwenye shimo la dhahabu huko Geita. Baada ya msiba Maige aliita wazee ili anigawie fungu la marehemu. Alikuja na kamba ya katani ya hatua ishirini. Akailaza kuzunguka fungu lake, wazee wakihesabu kwa sauti, ikalala mara kumi na mbili. Akailaza kuzunguka langu, nalo likatoa kumi na mbili. Fungu lake lilikuwa na pande zote sawa, kamba tatu kwa tatu. Langu lilikwenda kando ya kijito, kamba tano kwa urefu na moja kwa upana. Nilihesabu pamoja nao kwa vidole vyangu mwenyewe, nikasema sawa, nikashukuru.

Mavuno yalipokuja, Maige na Mageni walipata magunia tisa. Mimi matano. Mwaka uliofuata, tisa na matano. Nikaishuku kamba, nikaiomba kwa kisingizio cha kufungia ndama, na Jumapili watu wakiwa kanisani nikapima peke yangu mafungu yote mawili: kumi na mbili, kumi na mbili. Nikaishuku mbegu, nikabadilishana nao mbegu. Nikawashuku ndege, nikakaa shambani kutwa nikiwafukuza. Vyote nilivyovikagua nilivikuta viko sawa, basi nikasema moyoni, kisicho sawa ni mtu.

Siku moja kisimani niliwaambia wanawake wawili, "Mageni anauvuta mpunga wangu kwa dawa." Nilisema mara moja tu. Kabla ya juma kwisha nilisimuliwa maneno yangu na mtu ambaye hakuwapo, yakiwa yameongezewa fisi na ungo. Watu wakaacha kupokea moto kwake. Watoto wakapita mbali na ua wake. Mwaka wa sitini na tisa, mchana, jua likiwa kali, mtu akatia moto paa la jiko lake naye yumo ndani akikoroga ugali. Alitoka. Ule mkono wake wa kushoto uliokunjamana, ambao mlipokuwa wadogo niliwaambia ni ugonjwa, si ugonjwa.

Mimi sikuwasha moto ule. Lakini nilisimama mlangoni pangu nikiutazama moshi, na nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa tutaona kama shamba langu halitatoa tisa. Maige akampeleka mkewe kwao Buseresere, akawa anakuja msimu wa kulima na kurudi. Mageni hakuwapo tena, na mimi nikavuna matano. Hata hapo sikuacha kumshuku, nikasema ameondoka na dawa zake. Mnaona jinsi ugonjwa huo ulivyo? Akiwapo ni yeye, asipokuwapo ni yeye.

Ndipo mwaka wa sabini na mbili tukaambiwa watu wazima wote waende darasani. Mwalimu alikuwa msichana wa upande wa Musoma, Mwalimu Bhoke, na hata yeye nilimshuku, nikidhani ametumwa kuandika majina yetu kwa ajili ya kodi. Alitufundisha tarakimu moja mpaka tisa, akatufundisha sifuri, kwamba peke yake si kitu lakini ikikaa kulia kwa moja inakuwa kumi, nami niliona ujanja hapo na nikamwambia hivyo. Alicheka. Alasiri moja akampa kila mtu vijiti kumi na viwili vya kiberiti, akasema tujenge navyo ua wa shamba pasibaki kijiti. Mimi nikajenga vijiti vitatu kila upande. Jirani yangu akajenga tano kwa moja. Mwalimu akauliza lipi ni kubwa. Nikajibu kwa haraka, "Yako sawa, yote ni kumi na mbili."

Akachukua maharage. Akaweka harage moja kila penye nafasi ya kijiti kwa kijiti. Langu likala maharage tisa. La jirani likala matano.

"Mama Valerian," akasema, "hivyo vijiti vimepima safari ya kulizunguka shamba. Mpunga haupandwi safarini, unapandwa ndani."

Tisa na matano, wanangu. Nilitoka nje nikaushika ukuta. Hakuna aliyeniibia. Maige mwenyewe hakujua, maana nilipompangia vijiti vile uani kwake alivihesabu mara tatu, kisha akachukua jembe, akaenda kuhamisha tuta la mpaka, akanikatia miraba miwili ya kamba kwa kamba kwenye tisa yake. Tisa ukitoa mbili ni saba, tano ukiongeza mbili ni saba. Ilimchukua siku nne. Miaka minane ya chuki yangu ilikuwa kazi ya siku nne.

Nikapanda lori mpaka Buseresere. Mageni alinisikiliza akiwa amesimama, hakunipa kigoda. Nikampangia vijiti chini, naye akavitazama, akaniambia, "Kwa hiyo wewe hukujua hesabu, na mimi ndiye nikawa mchawi."

Nikamwomba arudi. Akasema, "Uliyasema kisimani mbele ya watu. Kayafute mbele ya watu." Basi nikasimama baada ya misa, Mwalimu Bhoke akiwa pembeni yangu na maharage yake, nikasema yote, hata la moshi. Wengine walilia. Mmoja alisema hata maharage yamelogwa. Lakini Mageni alirudi, na tulipohamishiwa kijijini mwaka wa sabini na nne alichagua kujenga jirani na mimi, na Maige alipofariki niliomboleza naye kama ndugu.

Sasa, Valerian. Jumapili iliyopita ulionekana ukipima hatua kule mbugani, na hukuishia kwenye tuta letu, ulivuka ukapima na la Mageni. Saba na saba ni kumi na nne, hesabu hiyo nilikufundisha mimi. Mageni hana mtoto. Sijui kama unamchukia kwa sababu yangu au kwa sababu ya shamba, na huenda hata wewe hujui, ndiyo maana nasema mbele ya dada yako. Daktari wa misheni aliniambia ni moyo uliochoka. Hakuna aliyenila. Ole wako nikifa, halafu Mageni apatwe na jambo.

Shamba langu ni miraba saba. Mtagawana nusu kwa nusu, Coletha apate ingawa ameolewa, na msithubutu kupima kwa kuzunguka. Tatu na nusu kila mmoja. Valerian ndiye atakayekata, Coletha ndiye atakayechagua kwanza, hapo ndipo mkono wa anayekata utakapokuwa mwaminifu.

Nikifa, Mageni ndiye atakayeniosha. Asiniguse mwingine kabla yake. Siku zote za msiba atalala kitanda hiki, na chakula atakachopika, nyinyi wawili mtakuwa wa kwanza kula, watu wakiwaona. Niapie, Valerian. Mbona kimya? ... Nimekuuliza. ... Sema kwa sauti, masikio yangu yanakwenda. ... Haya. Coletha, umesikia alivyoapa. Umshike kwa neno hilo.

Maji kidogo. Basi, yanatosha.

Nilimtuma mtu amwite. Huyo, anapiga hodi. Nenda wewe, Valerian, si dada yako. Mwamkie ukimtazama.

Karibu, Mageni. Kaa hapa, karibu. Hawa ni watoto wako pia ... kama utawataka. Wanangu, pigeni magoti. Mungu awape ... awape macho ya kuona kilichomo ndani. Awalinde na ... na mimi nilivyokuwa.

Mkono hauinuki. Mageni, ninyanyulie. Juu zaidi. Anza na Valerian.