Soda Yenye Kofia

Kijiwe chetu kilikuwa benchi moja la mninga mbele ya cherehani yangu, ng'ambo ya duka la Abdulhussein, hapa Lindi. Mwenye benchi mimi, wenye kelele wao. Kila siku baada ya alasiri muuza kahawa alikuja akatua jiko lake, vikombe vikaanza kugongana, na kazi yangu ikawa imekwisha, maana hakuna fundi anayeweza kunyoosha mshono huku Likwata akimweleza asili ya homa. Likwata tulimwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia hospitali. Ambrosi, mtu wa Tingi, tulimwita Serikali. Alikuwa tarishi wa boma, na hata akiomba kashata ungedhani anasoma tangazo. Wa tatu alikuwa Maftaha, Bwana Baridi. Huyu alinunua kwa Abdulhussein ile ndoo ya mbao ya kutengenezea aiskrimu. Kopo la maziwa, sukari na iliki linakaa katikati, barafu na chumvi ya mawe vinajazwa pembeni, kisha mtu anazungusha mkono wa chuma mpaka maziwa yagande. Ukilitumbukiza donge lake kwenye gilasi ya soda, povu linapanda na donge linaelea juu. Sisi tuliita soda yenye kofia. Tuliionja Idi Kubwa ya mwaka uliopita, na tangu siku hiyo tulikuwa tunaihesabia Idi siku kama watoto.

Basi Idi ikakaribia tena, katika joto lile lile la kaskazi, na Maftaha akaja kijiweni hata salamu hakutoa.

— Mwahija kagoma, akasema.

— Kagoma nini? nikamuuliza.

— Kuzungusha ndoo. Mke wangu wa ndoa, ananiambia Idi hii ndoo haigusi. Na mimi watu nimekwisha waalika! Mpaka Abdulhussein nimemwalika!

Sitaki kudanganya, moyo ulinipasuka. Likwata aliweka kikombe chini.

— Umemuudhi, akasema Ambrosi. Mnunulie kanga.

— Nimemnunulia doti mbili. Kazipokea, kashukuru, kazivaa. Ndoo haigusi.

— Basi jambo hili lichunguzwe, akasema Ambrosi, akakaa sawasawa. Mwaka jana ilikuwaje? Eleza tangu mwanzo.

— Mwaka jana hapakuwa na neno. Kazungusha tangu tulipotoka kuswali mpaka pilau ikaiva. Ilipoganda, mimi mwenyewe nikaibeba ndoo mpaka barazani. Nikagawa kwa heshima. Wazee kwanza, halafu mwalimu wa chuo cha Kurani, halafu majirani, halafu nyinyi. Daktari huyu kanywa gilasi tatu.

— Mbili, akasema Likwata. Ile ya tatu nilikuwa naipima.

— Sasa kosa liko wapi hapo?

Kosa hatukuliona.

— Mimi nalijua, akasema Likwata. Ni baridi. Mtu akishika chuma kile, baridi inapanda. Inapita kiganjani, inapita kiwikoni, inafika begani, na ikishavuka bega inateremka moyoni. Mwanamke akishapoa moyo, bwana, hata ukimwita hageuki. Nimeyaona hospitali.

— Hospitali ulikuwa unafagia, nikamwambia.

— Kwani nilikuwa nafagia nimefumba macho? Dawa yake tangawizi. Upake mkono wa ndoo tangawizi na pilipili manga.

— Ashike pilipili, halafu ajifute jasho usoni? akauliza Maftaha. Unataka niachwe siku ya Idi?

Hapo na mimi nikatoa langu, maana benchi ni langu.

— Huyo katiwa maneno na Zehrabai. Nani aliyemfundisha Mwahija kupika aiskrimu? Si Zehrabai, mke wa Abdulhussein? Waliuza ndoo, sasa wanajuta. Wanataka mkate tamaa mwirudishe.

— Zehrabai hajatoka ndani mwezi mzima, akasema Maftaha. Mguu unamuuma.

— Ndiyo hila yenyewe!

— Nyote hamjui mnachosema, akasema Likwata, ambaye kimya hakikumzoea. Mmewahi kuisikiliza barafu ikitiwa chumvi? Inalia ta! ta! ta! Maji ya nchi hii hayalii namna ile. Kuna jini ndani. Sasa mtu akae peke yake jikoni asubuhi nzima, na jini linasema naye.

— Linamwambia nini? akauliza muuza kahawa.

— Linamwambia, niache nipumzike.

Muuza kahawa akasogeza jiko lake mbali kidogo na Maftaha.

— Serikali imekata shauri, akasema Ambrosi. Tutafute punda. Kinu cha ufuta kinazungushwa na mnyama, na ndoo izungushwe na mnyama. Tunachimba nguzo uani, tunafunga mti, punda anazunguka, sisi tunakaa barazani tunangoja.

— Na punda akinya? nikauliza.

— Ataangaliwa na Daktari.

Tulicheka mpaka Maftaha naye akacheka, ingawa uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Katikati ya kicheko hicho akaja kijana mmoja amebeba gunia tupu begani. Jina lake Klementi, mtu wa Kiranjeranje. Alikuwa amemuuzia Abdulhussein ufuta wake na sasa anangoja lori.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba. Kaa, baba, unywe kahawa.

Akakaa pembeni kabisa, akasikiliza habari za punda na jini, macho yamemtoka. Mwisho akashindwa kuvumilia.

— Samahani. Hicho kitu mimi sijakiona. Kikoje mdomoni?

Mbona tulimgombania! Ambrosi alimwambia kofia inauma meno kwanza, kisha inaomba radhi. Likwata alimwambia povu linapanda puani na mtu anasahau madeni. Mimi nilimwambia habari ya iliki, jinsi inavyobaki kooni mpaka Magharibi. Klementi akameza mate.

— Na mama, huyu anayezungusha, akamgeukia Maftaha. Yeye mwaka jana aliionaje?

Maftaha akamtazama Ambrosi.

— Yeye... alisema... Ambrosi, Mwahija alisemaje?

— Mke wako mimi nijue alivyosema?

— Daktari?

Likwata alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Ndoo niliirudisha jikoni, akasema Maftaha polepole. Ilikuwa imebaki maji ya chumvi. Akaniuliza, wageni wamefurahi? Nikamwambia, sana. Akaipokea, akaiosha.

Nilimwonea huruma Mwahija, na haya ilinishika mpaka masikioni. Maftaha akasimama, akavuka njia, akaingia dukani kwa Abdulhussein. Tulimwona anatoka na kreti ya soda za gololi, zile za chupa zenye gololi shingoni, kichwani, anakwenda kwao mbio mbio, kahawa yake ameiacha.

Siku ya Idi tulikaa barazani kwake, na Klementi tulimwita naye. Pilau tulikula, mikono tukanawa, tukangoja. Ndoo haikuja. Kutoka uani tulisikia chuma kinakwaruza, na wanawake wanacheka. Ambrosi akachungulia mlangoni, akarudi akatunong'oneza: Maftaha kakunja mikono ya kanzu, anazungusha, jasho linamtiririka hadi ndevuni. Mwahija kakaa mkekani kanyoosha miguu, mama yake ubavuni, povu limemkaa juu ya mdomo na wala hajifuti.

— Kapoa moyo? akauliza Likwata.

— Anaimba, akasema Ambrosi.

Zetu zilikuja mwisho kabisa. Soda ya uvuguvugu, na maziwa yameizunguka kidogo juu. Tulikunywa, tukasifu. Likwata hakuomba ya pili.

Klementi alimaliza yake, akaigeuza gilasi, akaitazama chini na juu.

— Ni tamu, akasema. Lakini kofia iko wapi?

Safari hii jibu tulikuwa nalo sote, tukainamisha vichwa. Ila kule uani walikuwa wamesikia.

— Nimeila mimi! akajibu Mwahija.