Bi Huenda na Maganda ya Machungwa

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, marehemu aliniachia kazi ya kusoma maneno haya na akanikataza mambo mawili: kulia kabla ya kufika katikati, na kumsingizia sifa. Nitajitahidi.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha matunda cha mama yetu, mlango wa pili wa soko. Alijua kumenya chungwa bila kulikata ganda kabla hajajua kuandika jina lake. Mimi, kitinda mimba, nilivalishwa maganda hayo shingoni nikaambiwa ni tai ya ofisini.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976 na kupata stashahada ya ufundi wa maabara mwaka 1979. Mwalimu wa kemia aliandika kwenye ripoti yake, "Anauliza mno." Baba aliitia ripoti hiyo kwenye fremu.

Tarehe 12 Mei 1980 aliajiriwa katika maabara ya utafiti, chumba cha mwisho ghorofa ya chini, akakaa humo miaka thelathini na minane. Alikausha maganda ya machungwa, ndimu na mabalungi, akayasaga, akatoa ndani yake vile vitu vya asili ambavyo vikitiwa kwenye kisahani chenye seli za saratani, mara nyingine huzipunguzia kasi ya kukua. Sisi nyumbani tulishatangaza ushindi. Yeye alituzima kila mara: "Huenda vikasaidia kuukinga mwili. Huenda. Kisahani si mtu." Wenzake wakamwita Bi Huenda, na jina likamkaa. Jioni alirudi mikono ikinukia machungwa, hata sabuni haikufua dafu.

Tarehe 20 Septemba 1986 aliolewa na fundi saa wa mtaa wetu. Shemeji alipomuuliza kama anampenda, alijibu, "Huenda." Maskini shemeji alingoja miezi mitano, akija kila Jumamosi kutengeneza saa ya ukutani ya mama, ambayo haikuwa mbovu. Walijaliwa binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Hakuificha, alisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Alipewa tembe za kumeza kila siku, pamoja na karatasi ya vitu vya kuepuka. Karatasi ile mimi sikuisoma. Nilikuwa na elimu yangu ya kuokota mezani kwake, kwamba matunda haya hupambana na saratani, basi kila asubuhi nilimkamulia balungi nikachanganya na juisi ya nanasi bila kumwambia. Dawa zilikuwa zimemwondolea ladha mdomoni, akanywa na kunishukuru.

Siku ya tisa alianguka bafuni. Katika wodi namba sita daktari aliuliza amekula nini, nami nikasema. Kumbe balungi huuzuia mwili kuivunja dawa ile, ikajazana ndani yake mpaka ikawa sumu. Dada alilijua hilo miaka yote. Aliniangalia, akasema, "Miaka thelathini na minane nasema huenda, na wewe ulikuwa unasikia nini?"

Akanishika mkono. "Kuteleza si kuanguka, mdogo wangu. Ila siku ya maziko yangu utalisema hili mbele za watu, wasije wakamdhuru mgonjwa wao kwa mapenzi. Machungwa yao wayale, ila kuhusu dawa wamsikilize daktari."

Nimelisema, dada.

Alipata nafuu, akaishi miezi minane zaidi. Kila nilipomuuliza kama amenisamehe, alijibu, "Huenda," akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, lakini nilikuwa nikirudi nyumbani silali. Alifariki nyumbani kwake tarehe 14 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na mitungi kumi na miwili ya maganda makavu ambayo hakuna anayethubutu kuisogeza.

Wasifu huu niliouandika mimi, kasoro habari za kifo chake, aliusoma mwenyewe Machi na kuusahihisha kwa kalamu nyekundu, akaufunga kwenye bahasha. Niliifungua jana mchana nikiupeleka kuchapwa. Neno "shujaa" amelifuta mara mbili. Pembeni ya habari ya balungi ameandika: "Nilikusamehe siku ileile wodini. Hapa usiweke huenda."

Dada, nimemenya machungwa manne tangu jana, na ganda linanikatikia kila mara. Natamani uje uninyang'anye kisu. Lala kwa amani, Bi Huenda wetu.