Mama Uzi na Mjapani Wake wa Benchi

Wasikilizaji wapendwa, mwenye cherehani aisimamishe kidogo. Leo tunamkumbuka fundi. Mama Uzi, mshona sare za shule, ametutoka Jumanne. Ndiye huyu huyu aliyempa umaarufu mtandaoni Mjapani asiyecheza.

Narudia: asiyecheza. Mpira wenyewe alikuwa akiutazama kutoka benchi.

Ilianza kwa kukosea. Binti yake alimfungulia ukurasa kwenye simu. "Mama, weka picha ya yule Mjapani mfungaji, watu watakuja." Mama Uzi akaweka ya Mjapani mwingine wa timu hiyo hiyo, mchezaji wa akiba, anakunja makoti ya wenzake. Binti akashika kichwa. "Mama! Siye! Huyu jezi yake haijui jasho!"

"Mtazame anavyokunja," akasema Mama Uzi. "Mshono juu ya mshono. Wewe nimekufundisha miaka sita, bado unaviringisha tu. Haondoki huyu."

Na kweli hakuondoka. Kila mechi iliwekwa picha ya benchi, na maneno machache: "Leo makoti saba. Hakuna lililokunjamana." Watu walikuja kucheka, wakabaki. Wakafika elfu tisini. Elfu tisini, wasikilizaji, kwa mkunja makoti!

Kisha siku moja akaingizwa. Akapewa penalti. Akaipaisha juu kabisa. Kabla chai haijapoa, matusi yalijaa ukurasani. "Futa, bibi, unatuaibisha!" Kaka yake akaja mpaka kibandani. "Dada, mtu mzima na akili zako! Futa kitu hicho."

Mimi nilikuwepo, nimepeleka gauni kupunguzwa. Mama Uzi hakuutoa hata mguu kwenye cherehani.

"Kaka, suruali yako ya harusi niliikata mguu mmoja mfupi. Ulinifuta udada?"

Tulicheka mpaka pini zikamwagika. Kaka mtu akaondoka bila kuaga. Naye Mama Uzi akaandika: "Amekosa. Yupo. Nami nipo." Elfu ishirini wakamkimbia. Hakufuta.

Jumamosi msibani, wakubwa wa ukoo wakasema ukurasa ufungwe, si heshima kwa marehemu. Binti akaikumbatia simu, analia. Ndipo kaka mtu akasimama. "Atakayeufuta aanze na mimi." Tukamtazama miguuni. Alikuwa amevaa suruali ile ile, mguu mmoja juu, mmoja chini.

Pole sana, binti. Pole, kaka mtu. Poleni ukoo wote, na ninyi elfu sabini mliobaki. Nawe unayeshika simu kumtukana mtu kwa kosa moja, hebu kwanza zitazame kazi zako mwenyewe, ukianza na zile ulizozikata fupi.

Na jana, wasikilizaji, Mjapani aliitwa tena uwanjani. Dakika ya themanini. Kocha anapiga kelele, haraka, haraka! Yeye akainama kwanza, akalikunja koti lake, mshono juu ya mshono. Binti ameiweka picha hiyo. Nendeni mkaitazame.