Maisha ya Mzee Hakiki, Aliyeishuku Kila Nakala

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mkewe aliyetangulia, na familia imenituma nisome habari za maisha yake, kazi ambayo yeye asingekubali ifanywe na mtu mmoja bila kuangaliwa, ndiyo maana binti yake, mpwa wangu, amesimama hapa pembeni na karatasi ya pili, ananifuatisha mstari kwa mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1959 katika zahanati ya jirani na kwao, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, ingawa tarehe hiyo mwenyewe hakuiamini hadi mwisho, kwa kuwa mkunga aliijaza kadi wiki moja baadaye, kwa kukumbuka tu. Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akasomea kompyuta katika chuo cha ufundi na kuhitimu tarehe 27 Novemba 1981.

Tarehe 1 Machi 1982 aliajiriwa idara ya maji kuandika programu, na huko ndiko shaka ilikomwingia, kwani Juni 1986 mashine kuu iliungua, wakakimbilia kabati la tepu za akiba, zilizokuwa zikibadilishwa kila jioni na kubandikwa lebo safi, wakazikuta tupu zote, maana kifaa cha kunakili kilishakufa siku nyingi na hakuna aliyewahi kujaribu kuisoma hata moja. Toka hapo akaitwa Mzee Hakiki, licha ya ujana wake wote.

Wauzaji wa programu za kuhifadhi nakala walimjua na kumkwepa. Akija mmoja na tai yake na vipeperushi vinavyong'aa, marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akamwagizia chai, kisha akamwomba kwa adabu afute faili kwenye kompyuta yake mwenyewe, hapo hapo, na kulirudisha kwa hicho anachokiuza, na wengi wao chai hiyo hawakuimaliza. Nao vijana waliomfuata kuuliza wajifunze lugha gani ya kompyuta ili wapate kazi nzuri, aliwaambia lugha huja na kupita, wakae mahali hadi walazimike kutengeneza walichoharibu wenyewe, na wakichagua chombo cha kuhifadhi data wasiulize kinatunza kiasi gani, waulize kinarudishaje.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na dada yangu, na siku hiyo walitokea wapiga picha wawili wakagombania mlango, kila mmoja akidai ameajiriwa yeye, kumbe wote aliwaita bwana harusi, nasi upande wa mke tukaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Walijaliwa mtoto mmoja, huyu binti, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1990, akafuata kazi ya baba yake, na kila programu aliyompelekea alirudishiwa ikiwa na neno moja, jaribu tena, wala hakuambiwa hata siku moja kwamba kazi anaijua, jambo lililomuuma kuliko alivyoonyesha.

Dada yangu alifariki tarehe 15 Oktoba 2014, na sauti yake ikabaki katika rekodi moja tu, akimgombeza mumewe kutoka jikoni. Marehemu aliitunza katika diski tatu, moja kwake, moja kwa jirani, moja ofisini, akazifunga zote kwa nywila, na nywila hiyo hakumpa mtu, si mimi, si binti yake aliyembembeleza, kwa hofu kwamba atakayeijua ataichezea rekodi. Mtu aliyeweka akiba ya kila kitu, ufunguo wake aliuweka mahali pamoja tu, kichwani mwake.

Tarehe 6 Machi 2024 alipatwa na kiharusi, na nywila ikaenda. Alijua sauti ipo, alijua ya nani, kuifungua hawezi. Alimshuku muuguzi, akanishuku mimi, akalia mbele yetu kama mtoto.

Ndipo binti yake akatoa simu, akakiri kwamba siku aliyomtengenezea baba kompyuta, kabla diski hazijafungwa, alijichukulia nakala ya rekodi ile bila ruhusa, kwa kuwa alimshuku baba yake. Chumba kizima tukamsikia dada yangu, "Wewe, achana na hiyo mashine uje ule, ama ndiyo uliyooa?" Marehemu alisikiliza hadi mwisho, akamkazia binti yake lile jicho tunalolijua, na kwa ulimi mzito akamuuliza kama amewahi kujaribu kuirudisha. Akajibiwa, kila mwezi, kwenye mashine nyingine. Akasema, basi, kazi unaijua.

Alifariki tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, binti yake akiwa kando.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, hasa yule aliyeshukiwa na bado akamlisha kwa mkono wake, jirani aliyetunza diski asiyojua ina nini, na wenzake wa idara ya maji.

Shemeji, pumzika kwa amani. Sauti ya mkeo ipo, na asubuhi hii, kabla ya kutoka nyumbani, tumeijaribu.