Illuminée Kaliza, Mpiga Solo wa Nyuma ya Pazia

Biryogo, 3 Machi 1955 – Kigali, 16 Novemba 1993
Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Habimana, katika makaburi ya Nyamirambo, Jumamosi tarehe 20 Novemba 1993

Ndugu na majirani, marehemu mwenyewe ndiye aliyepanga namna wasifu huu utakavyosomwa. Alitaka usomwe kwa Kiswahili, lugha aliyofundishiwa kazi, ili Biryogo yote isikie. Alitaka pia jambo moja linyooshwe kabla udongo haujarudishwa: ni nani hasa aliyepiga gitaa la solo katika wimbo wa "Pasi ya Mkaa", ule ambao tangu mwaka 1986 hakuna harusi ya Nyamirambo iliyopita bila kuucheza. Wengi wenu mnadhani mnajua. Vumilieni kidogo.

Illuminée alizaliwa Biryogo, mtoto wa pili wa hayati Mzee Eustache, fundi wa malori, na Mama Daphrose, ambaye tuko naye hapa. Kwa desturi yetu msichana hapigi mluzi. Illuminée alipiga mluzi kabla meno ya utoto hayajamtoka. Mama yake alimkimbiza na fagio kuzunguka nyumba akimwambia, "We mtoto, utaniletea mikosi kwa nyumba!" Na mtoto alikimbia huku akiendelea kupiga mluzi, tena bila kupoteza mapigo.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, Nyamirambo, kuanzia 1962 hadi 1968, kisha akajifunza ushonaji kwa masista mpaka 1971. Cheti chake kiliandikwa kwamba mkono wake ni mwepesi na mdomo wake pia. Cheti hicho alikitundika ukutani maisha yake yote, na wageni aliwalazimisha wakisome.

Januari 1972 aliajiriwa na Fundi Radjabu, kwenye kibaraza chenye cherehani tatu. Fundi alikuwa na redio kaseti aliyoipenda kuliko jino lake la dhahabu. Ilikula betri sita kubwa. Betri zilipochoka hakuzitupa. Alizianika juani juu ya bati, zikapata uhai kidogo, akazirudisha. Mwaka 1974 dereva wa lori la Mombasa aliyekuja kushonewa suruali aliisahau hapo kaseti moja isiyo na jalada wala jina. Ndani yake kulikuwa na bluzi, muziki wa Wamarekani weusi: mwanamume mwenye sauti nzito akiimba taratibu mno, akijipigia gitaa mwenyewe. Illuminée alikuwa anapiga pasi. Alisimama kusikiliza, pasi ya mkaa ikabaki juu ya kola, na shati la mteja likaungua mpaka mezani.

Fundi Radjabu hakumgombeza. Kona ya kibaraza kulikuwa na gitaa lililoachwa na mteja Mkongomani aliyehamia Goma. Alilichukua akampa. "Shati imekufa, mwanangu," alimwambia. "Basi jifunze hii gitaa, tujue imekufa juu ya kitu, si bure."

Alijifunza, ndugu zangu! Kila mchana wa mapumziko, nota kwa nota, akimfuata yule bwana wa kwenye kaseti. Kwa kuwa yule bwana alikwenda polepole, naye alikwenda polepole. Kwa kuwa sauti ilikuwa chini, naye alilegeza nyuzi mpaka zikafika chini. Ndiyo maana solo yake ilitoka nzito, ya mtu anayepanda mlima wa Nyamirambo na mzigo kichwani na hana haraka, kwa sababu anajua atafika.

Tarehe 18 Agosti 1979 aliolewa na Bwana Léonce, mwoka mikate. Siku ya posa ukumbi ulijaa wazee, na msemaji wa upande wa bwana harusi alipoulizwa anamtaka binti yupi, alisema, "Ule anapiga mluzi." Mama Daphrose aliinamisha kichwa. Kisha Mzee Eustache akacheka mpaka kofia ikaanguka, na posa ikapita. Walijaliwa watoto watatu: Shami, Hirwa na Christella. Kuanzia hapo mtaa ukamwita Mama Shami.

Mwaka 1984 Bwana Melchior, kiongozi wa Orchestra Radi, alikuwa akipita Biryogo na baiskeli. Aliisikia ile solo ikitoka kibarazani, akaiacha baiskeli katikati ya njia. Alimtaka bendini palepale. Ila Orchestra Radi ilipiga katika baa ya Kubwimana, na Melchior aliwaogopa wateja.

"Watasema nini? Solo ni ya mwanaume," alisema. "Lakini iko pazia pale nyuma."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Illuminée alikaa nyuma ya pazia na spika yake, na mbele akasimamishwa Bwana Gasana, kinyozi, kijana mrefu, mtanashati, mwenye gitaa lisilo na waya. Gasana hakujua hata nyuzi ni ngapi. Alijua kufumba macho na kukunja uso, na hiyo kazi aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote Kigali. Vidole vyake vilikimbilia kushoto wakati muziki umekwenda kulia, na hakuna aliyegundua. Mnamo 12 Julai 1986 walirekodi "Pasi ya Mkaa", utunzi wa Illuminée, na kaseti ilipotoka jalada lilisema: Solo, Gasana. Msichana mmoja aitwaye Jolly aliununua ule wimbo mara tatu. Gasana alimfuata Illuminée kibarazani, kofia mkononi.

"Mama Shami, usiniharibie," alisema. "Ule mtoto ananipenda juu ya solo."

Illuminée alimwonea huruma, akanyamaza. Jolly aliolewa na Gasana. Gauni la harusi alilishona Illuminée.

Oktoba 1990 vita vilianza kaskazini, na mjini tukawekewa amri ya kutotembea usiku. Kubwimana alihamishia muziki saa nane mchana. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea. Nyuma ya pazia kulikuwa na dirisha. Usiku halikuwa na neno, lakini mchana jua lilipitia pale, na kwenye pazia kikaonekana kivuli cha mtu mwenye kilemba, anapiga gitaa. Wateja wakaanza kuuliza. Melchior alinunua kitambaa chekundu, kizito, mita kumi na nne, akamwita mshonaji wa bendi, ambaye bila shaka alikuwa Illuminée.

"Mama Shami, utushonee pazia ingine. Nzito, jua isipite."

Illuminée alikwenda kuchukua kitambaa nyumbani kwa Melchior, Machi 1991, wakabishana kama kawaida yao. Melchior alidai anapiga taratibu mno. Illuminée akatoa mfukoni ile kaseti ya Fundi Radjabu amwonyeshe jinsi mwanamume anavyopiga. Kaseti hiyo, kwa miaka kumi na saba, ilikuwa haijaonja umeme. Melchior aliitia katika redio yake na kuichomeka ukutani.

Sauti iliyotoka haikuwa ya yule bwana. Ilikuwa nyepesi, kali, ya haraka. Mke wa Melchior alitokea jikoni, mikono ina unga, akauliza, "Huyu mama anaimba hivi, ni nani?"

Wote watatu walitazama redio. Alikuwa mwanamke. Siku zote alikuwa mwanamke, anaimba na kupiga gitaa lake mwenyewe, na betri zilizoanikwa juani, kwa kuizungusha kaseti polepole, ndizo zilizomgeuza mwanamume. Illuminée alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe, na Léonce anasema usiku ule hakuna aliyelala. Cherehani ililia mpaka unga wa mikate ulipoumuka.

Jumapili tarehe 17 Machi 1991, saa nane mchana, Orchestra Radi iliingia kwa Kubwimana na kukuta pazia la zamani limeshushwa na jipya halipo. Juu ya spika kulikuwa na mashati matano mekundu yaliyokunjwa vizuri, kila moja na jina ndani ya kola. Illuminée alisimama katikati, mbele, amevaa gauni la kitambaa kilekile, gitaa kifuani. Melchior alichukua shati lake, akalivaa. Likamkaa sawasawa.

Kisha Illuminée akapiga. Ee jamani, siku ile! Alianza na bluzi zake za taratibu, zile za kupanda mlima, watu wakaacha chupa mezani. Halafu akazikaza nyuzi mbele ya macho yetu, akaingia mwendo wa yule mama wa kwenye kaseti, roki ya kukimbia, mpaka madereva wa teksi wakapanda madirishani na Fundi Radjabu, ambaye haingii baa, akasimama ng'ambo ya barabara akipiga makofi. Mama Daphrose alikuwapo. Wimbo ulipokwisha ilisikika sauti moja ya mluzi kutoka meza ya mbele, na aliyepiga, kwa ushahidi wa watu wengi, alikuwa Mama Daphrose.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya sherehe. Illuminée alipiga Butare, Gitarama na Gisenyi, na kila Jumanne alifundisha wasichana sita hapo kibarazani. Lakini mwiba mmoja haukutoka: watu walidhani Gasana ameacha gitaa na yeye ameshika nafasi yake. Kila alipomaliza kupiga "Pasi ya Mkaa" alikuja mtu kumpa mkono na kumwambia, kwa nia njema kabisa, "Mama, unapiga vizuri, ila haumufikie Gasana wa zamani." Alishindanishwa na mikono yake mwenyewe, na alishindwa. Nyumbani alilicheka jambo hilo, lakini Léonce anajua kwamba siku nyingine alililia.

Novemba 1992 alianza kuumwa, na madaktari wakaona saratani ya ziwa. Alipasuliwa Januari. Aprili alirudi jukwaani, kiti kikawekwa. Jumapili tarehe 8 Agosti mwaka huu, siku nne baada ya mkataba wa amani kutiwa saini Arusha, alipiga kwa mara ya mwisho, saa tatu mfululizo, na watu walicheza mpaka barabarani, wakikumbatiana na wasiowajua. Hakuna aliyekuwapo atakayeisahau jioni ile.

Oktoba alilazwa hospitali kuu. Gasana alikwenda kumnyoa nywele zilizokuwa zinamtoka, na mdogo wake Habimana, anayewasomea, alikuwa pembeni ya kitanda akasikia yote.

"Gasana we," Illuminée alisema, "siku ya kunizika, nataka usimame mbele na gitaa. Kama zamani."

"Mimi? Mama Shami, sijui kupiga hata leo."

"Ndiyo maana. Habimana ataweka kaseti. Solo ikianza, ushushe mikono tu. Usiseme kitu."

Gasana alimaliza kunyoa upande mmoja, akauliza, "Na Jolly?"

"Jolly amekaa na wewe miaka saba. Unafikiri bado iko kwa nyumba yako juu ya gitaa?"

Alifariki Jumanne tarehe 16 Novemba, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Léonce, uliokuwa bado na unga.

Ameacha mume, Léonce. Watoto Shami, Hirwa na Christella. Mama yake mzazi, Daphrose. Mdogo wake, Habimana. Mwalimu wake, Fundi Radjabu. Wanafunzi sita wenye malengelenge vidoleni. Na wanaume watano wa Orchestra Radi waliosimama pale na mashati mekundu, ambayo sasa mnajua yalikusudiwa kuwa nini.

Redio kaseti iko juu ya kiti, karibu na jeneza, na ndani yake kuna "Pasi ya Mkaa". Betri ni mpya. Fundi Radjabu ameapa mbele ya watu kwamba hajazianika. Tunamwomba Bwana Gasana asogee mbele na gitaa lake lisilo na waya. Juzi yeye mwenyewe alimweleza mkewe ukweli, na Jolly ndiye aliyemfunga tai asubuhi ya leo. Solo itakapoanza, atashusha mikono. Ninyi sikilizeni kama itanyamaza.

Apumzike kwa amani dada yetu Illuminée, mbele ya watu wote, pasipo pazia.